Mwaka Tulioulizana Nani Aanze

Simu ilinikuta sokoni, Dodoma, nikibishana na muuza nyanya. "Dada Rhobi, mzee ametutoka," alisema binti wa mwisho wa Mzee Nyamhanga, na kabla sijajibu akaanza kulia. Nyanya niliziacha pale pale. Mzee Nyamhanga hakuwa baba yangu, wala mjomba, wala ndugu kwa njia yoyote. Nilikula ugali wake mwaka mmoja tu, nikiwa msichana mwenye stashahada mpya na viatu vya kuazima, halafu maisha yakanipeleka kwingine. Lakini mwaka ule sijawahi kuutoka. Nimefanya kazi ya nishati hadi nikastaafu, nimekaa kwenye meza ndefu ambako watu wenye suti wanapanga gesi ianze au maji, jua au upepo, na kila neno "kipaumbele" likitamkwa, namkumbuka mzee mmoja wa mlimani, Tarime, aliyeulizwa swali hilo hilo mbele za watu akajibu kwa adabu.

Nilipanda basi, kisha bodaboda, nikafika mlimani kesho yake kabla ya mchana. Njia ni ile ile ya kupindapinda kati ya mawe makubwa na migomba, ila sasa kuna nguzo za umeme pembeni. Uani watu walikuwa wamejaa. Nilimwamkia Mama Marwa, mke wa marehemu, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, akaniitikia marahaba na kunishika mkono muda mrefu. Hapo ndipo nilipoiona taa. Karibu na zizi la ng'ombe palikuwa na nguzo fupi ya mkaratusi, na juu yake glopu moja ilikuwa inawaka kwenye jua kali, juu ya kaburi la saruji la zamani. Kaburi hilo nalijua. Mpwa wa mzee, kijana anayetengeneza simu Tarime mjini, naye aliiona. "Hii taa mbona inawaka mchana? Inakula umeme bure," akasema, akanyoosha mkono kwenye swichi iliyokuwa ukutani. Mama Marwa hakupaza sauti. "Mura, toa mkono," alimwambia, kama Wakurya wanavyomwita kijana. "Haijafika wakati wake." Kijana akatoa mkono, akajifanya anajikuna kichwa.

Mwaka ninaousimulia, Serikali ilikuwa inaandaa sera ya kuzalisha umeme, na timu ndogo ilitumwa kwetu kuuliza wananchi. Nilichukuliwa kuwa mkalimani kwa sababu nilijua Kikurya na sikuwa na kazi. Mkuu wangu alikuwa Mhandisi Sanga, mtu wa Makete, mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi. Tulipanga vyumba viwili Nkende, Tarime mjini, nyuma ya mgahawa wa samaki, hivyo karatasi zote za sera zilinuka sato wa kukaanga. Ukutani alibandika ramani, na kila jioni alinielezea kama anaongea na bintiye. Vijiji vyenye chanzo chake, maporomoko ya maji au uwanda wenye jua la kutosha, vingejengewa mitambo midogo. Lakini fungu halitoshi kwa wote, kwa hiyo lazima kuwe na mpangilio, na sera inataka wananchi wenyewe waseme nani aanze. Wa juu kwenye orodha wangejengewa. Wa chini wangesubiri laini kubwa ya taifa, ambayo hata yeye hakujua itafika lini. "Rhobi," aliniambia, "safari hii hakuna wa kuwapangia. Watajipangia." Alikuwa na furaha alipokuwa akisema hivyo, na mimi nilifurahi naye. Hadi leo sioni kosa katika wazo lenyewe.

Tulianzia Serengeti, upande wa Issenye, na huko kazi ilikuwa rahisi hadi tukajidanganya. Walimu walisimama, wafugaji wakasimama, mama mmoja aliyeacha baiskeli yake katikati ya njia akamnyang'anya mwenyekiti zamu ya kuongea. "Sisi kwanza! Jua tunalo, watoto wanasoma kwa vibatari hadi kamasi zinakuwa nyeusi. Kwanza sisi!" Mhandisi Sanga alicheka, akawaambia wamesikika. Njiani kurudi alisema watu wakijua wanachotaka, kazi ya Serikali inakuwa nyepesi. Nilikubaliana naye. Sikufikiria kwamba mtu anaweza kutaka kitu kwa moyo wake wote na bado asiseme "mimi kwanza".

Mlimani tulifikia kwa Mzee Nyamhanga, kwa sababu maporomoko yalikuwa chini kidogo ya shamba lake. Nililala nyumba ya jikoni pamoja na Mama Marwa, penye masizi, magunia ya mtama na kuku anayetamia nyuma ya mlango. Siku ya kwanza walituchinjia mbuzi, wakapika kichuri. Mhandisi Sanga hakuwahi kusikia kwamba mchuzi unaweza kutiwa nyongo. Alikunywa funda moja, macho yakamtoka, akameza kwa sababu ni mtu wa heshima, na Mama Marwa akalazimika kutoka nje ili asicheke mbele ya mgeni. Siku hiyo ndipo nilipoona jambo ambalo baadaye nilitamani kila mtu wizarani angeliona. Alikuwepo Mzee Magige wa kijiji cha Bondeni. Watu wa Bondeni ni uzao wa nyumba kubwa, na watu wa Mlimani ni uzao wa nyumba ndogo. Ni babu mmoja, mabibi wawili. Nyama ilipokatwa, Mzee Nyamhanga alimsogezea Magige sahani akasema, "Mkubwa aanze." Magige aliitazama sahani kidogo, hakuigusa, akairudisha. "Umeniheshimu. Anza wewe, mdogo wangu." Ndipo Nyamhanga akala, na wote tukala. Mhandisi Sanga aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini sahani inasafiri. Nikamwambia ndivyo walivyo, mdogo hutoa, mkubwa hurudisha, na asiyetoa hana adabu. Akatikisa kichwa, akaendelea kupambana na kichuri chake.

Marwa alikuwa mwana wa pekee wa kiume. Alikuwa amejifunza kuchomelea vyuma Mwanza, akarudi na mashine yake ya kuchomelea, nzito, nyekundu, ambayo ilikuwa haijawahi kufanya kazi nyumbani hata siku moja kwa sababu hakukuwa na umeme. Aliiweka chini ya kitanda, amefunika kwa kitenge cha mama yake, na kila asubuhi aliivuta, akaifuta vumbi, akairudisha. Alitupeleka kwenye maporomoko, mimi na Mhandisi, akaruka juu ya mawe kama mwenye nyumba anayeonyesha vyumba. "Mtambo mtaweka pale. Karakana yangu hapa. Nitatengeneza mageti, madirisha, majembe ya ng'ombe. Haya maji yanapiga kelele mwaka mzima bila kazi." Mhandisi alipima kina na kasi, akasema ni chanzo kizuri kuliko vyote alivyoviona mkoani Mara. Marwa aligeuka kuniangalia, na niseme tu wazi, nilimpenda tangu hapo. Jioni hiyo aliniambia atanitengenezea kitanda cha chuma. "Kitanda cha nini?" nikamuuliza. "Cha kulalia. Wewe ulidhani cha nini?" Mama Marwa alicheka kutoka jikoni, nami nikajificha nyuma ya sufuria.

Mkutano, ambao kwao unaitwa iritongo, ulifanyika kwenye uwanja wa shule, wazee mbele kwenye viti vya darasani, wanawake nyuma kwenye nyasi. Mimi peke yangu nilisimama katikati, kwa kuwa nilikuwa mdomo wa Serikali. Vijiji vilisema kimoja kimoja, kila kimoja kikitaka kuanza. Bondeni walikuwa na uwanda wao wa jua. Siku hiyo Mzee Magige alikuwa mgonjwa kitandani, kwa hiyo mbele alikaa mwenyekiti wao mpya, Chacha, kijana aliyekulia Sirari kwa mjomba wake, mtu mzuri, mwenye haraka. Zamu ya Mlimani ilipofika, Mzee Nyamhanga alisimama na fimbo yake. Alisema kwa Kikurya, nami nikatafsiri kwa sauti: "Sisi tunayo maji yanayoanguka mwaka mzima. Lakini Bondeni ni wakubwa zetu. Waanze wao. Sisi tutafuata nyuma ya wote." Kisha hakuketi. Alimgeukia Chacha akasubiri. Watu wote wa mlimani walimgeukia Chacha, na wanawake nyuma wakanyamaza, hata watoto. Nilijua wanachosubiri. Marwa naye alijua, maana nilimwona amefunga ngumi magotini kama mtu anayeangalia mpira ukielekea golini. Chacha akainuka, akatabasamu. "Wazee wetu, tumeshukuru sana. Hiyo ni fiti kabisa," akasema, akaketi, na watu wake wakapiga makofi.

Mzee Nyamhanga alibaki amesimama kidogo. Nilimwinamia Mhandisi Sanga sikioni. "Subiri, hawajamaliza. Sahani haijarudi." Alinitazama bila kunielewa. "Nani hajamaliza? Wote wamesema." Akaita kijiji kilichofuata. Mzee akaketi taratibu, akaiweka fimbo kati ya miguu, na mimi nikaendelea kutafsiri kwa sababu ndiyo kazi niliyoletewa. Mlimani waliwekwa wa mwisho, kwa maneno yao wenyewe.

Kabla ya chakula cha jioni tulikuwa jikoni, mimi na Mama Marwa, yeye akisonga ugali, na ukuta wa udongo haufichi kitu. "Tata, umeyatoa maji yetu," tulimsikia Marwa akimwambia baba yake. "Sijayatoa. Nimewaheshimu." "Serikali haijui heshima hiyo. Serikali inaandika." "Watarudisha. Magige akipona, atarudisha." "Na asipopona?" Mwiko wa Mama Marwa ukasimama. Halafu sauti ya mzee, ya chini, iliyochoka. "Hujawahi kuniona nikiikimbilia sahani, mura. Unataka nianze leo, mbele ya wageni?" Mama Marwa akaendelea kusonga, akaniambia polepole bila kunitazama, "Wanaume hawa wataisha wakingojeana." Ugali ule tuliula wanne, hakuna aliyeomba chumvi.

Nilimweleza Mhandisi Sanga yote tukiwa njiani kurudi Nkende. Nilimkumbusha mbuzi, sahani, Magige. Alisimamisha gari kabisa. Siwezi kumsema vibaya mtu yule. Wiki iliyofuata alirudi mlimani kwa hiari yake, akaketi na mzee uani. "Mzee wangu, binti huyu amenieleza. Niambie tu kwamba mnataka kuanza, mimi nitabadilisha." Mzee Nyamhanga alimshukuru, akamwagizia uji. "Mgeni wangu, nililosema mbele ya iritongo siwezi kulibadilisha uani kwangu, nyuma ya migongo ya watu. Nitakuwa nani kesho? Nenda Bondeni. Wao ndio wenye kurudisha." Tukaenda Bondeni. Tulikuta matanga, Magige alikuwa amezikwa juzi yake. Chacha alitupokea vizuri, akatupa viti. "Lakini Mhandisi, kwani si walikubali wenyewe? Watu wangu wameshaanza kufyeka uwanja. Nitawaambia nini?" Hakuwa mwizi. Alipewa kitu hadharani, akapokea, na hakuwahi kukaa na wazee muda wa kutosha ajue kwamba kilikuwa cha kurudishwa. Nimemchukia miaka mingi, na chuki hiyo haijawahi kunipa raha.

Sera ilitoka mwishoni mwa masika. Vyanzo vidogo vya juu kwenye orodha vilipewa fungu, vya chini viliwekwa kando hadi laini kubwa ifike. Maporomoko bora kuliko yote Mara yaliwekwa kando kwa sentensi moja. Mhandisi Sanga aliniambia alibishana hadi sauti ikakauka, wakamjibu kwamba maoni ya wananchi ndiyo msingi wa sera na yeye si mwananchi wa mlimani. Marwa hakugombana na baba yake. Aliifuta mashine yake, akaifunika kitenge, akashuka Nyakunguru kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu ili apate cha kununulia jenereta. Huko aliingia kundi la vijana kutoka Geita na Shinyanga, kwenye shimo lililochimbwa kwa sururu na kushikiliwa kwa magogo, wenyewe wanaliita duara. Mara ya mwisho kumwona alikuja Nkende, nywele zimejaa vumbi jekundu, akala sahani mbili za samaki kwenye ule mgahawa. "Kitanda kipo pale pale," aliniambia. "Kimechelewa tu." Kutoka kule shimoni, alisema, jua likizama unaziona taa za mgodi mkubwa zikiwaka zote kwa mpigo. Aliona ni nzuri sana.

Vuli ilipoanza, ardhi ililowa, duara likaporomoka mchana. Walimtoa jioni. Nilipanda mlima nikakuta ameshalazwa kwenye chumba chake, juu ya kitanda, na mashine chini yake. Nililia nikaishiwa sauti. Nililia hadi Mama Marwa ndiye akawa ananibembeleza mimi, jambo ambalo hadi leo linanitia aibu na shukrani pamoja. Mzee Nyamhanga hakulia mbele za watu. Baada ya maziko aliniita kando ya zizi, karibu na udongo mbichi. "Rhobi, wewe umesoma. Mtu akipewa atangulie, akala, akanyamaza, huko kwenu ofisini mnamwitaje?" "Tunamwita mwenye bahati, baba." Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufungua ng'ombe. Mkataba wangu uliisha mwaka ulipoisha. Niliondoka Tarime na sanduku moja, na kitanda cha chuma sijawahi kununua, nalalia cha mbao.

Paneli za Bondeni ziliwaka miaka michache, betri zikafa, vijana wakang'oa nyaya. Maporomoko yanaanguka hadi leo. Nimetumia maisha yangu ya kazi nikijaribu kuandika sentensi moja kwenye kila sera iliyopita mkononi mwangu, kwamba watu wakiulizwa kipaumbele, aulizwe pia mtu anayejua wanavyojibu. Mara nyingine sentensi hiyo ilibaki, mara nyingi ilifutwa. Laini kubwa ilipopanda mlimani hatimaye, mimi nilikuwa Dodoma, na yule binti wa mwisho wa mzee ndiye aliyenisimulia kwa simu. Mafundi walitaka kuanza na nyumba za barabarani. Mzee Nyamhanga, macho yamefifia, alishuka na fimbo yake hadi walipokuwa, akasimama mbele ya majirani wote, akasema, "Anzeni na mimi." Watu walitazamana. Hawakuwahi kumsikia akitamka maneno hayo. Mafundi wakaenda kwake, wakamuuliza taa ya kwanza waweke chumba gani. Akawaonyesha kaburi la Marwa. "Na ndani, mzee?" "Ndani nitalala tu." Tangu siku hiyo hakuruhusu izimwe, mchana wala usiku, na mtu akimuuliza inangoja nini alisema inangoja wakubwa.

Tulimzika karibu na mwanawe, alasiri. Kabla ya hapo nilipita chumba kile. Mashine ilikuwa bado chini ya kitanda, imefunikwa kitenge, na nilipoigusa haikuwa na vumbi. Baada ya maziko wageni wakapewa chakula, na kwa kuwa Bondeni ni wakubwa, sahani ya kwanza ilipelekwa kwa Chacha. Ana mvi sasa, amenenepa, anatembea kwa kuvuta mguu. Alikaa na sahani mapajani bila kuigusa, akaitazama ile taa, akatutazama sisi. Sijui ni nani aliyemwambia, au kama alijifunza mwenyewe kwa kuzeeka. Aliinuka, akapita katikati ya watu na sahani yake mikononi, na ua wote ukanyamaza vile vile kama siku ya uwanja wa shule. Akapiga magoti kwenye mkeka, mbele ya Mama Marwa.

"Mama," akasema, "mlituheshimu. Anzeni ninyi."

Mama Marwa aliitazama ile sahani muda mrefu. Aliigusa nyama kwa kidole. "Imepoa, mwanangu," akasema, bila hasira. Hata hivyo akachukua kipande, akakitia mdomoni, akakitafuna taratibu kwa meno machache aliyobakiwa nayo hadi akakimeza. Kisha akamtafuta kwa macho yule mpwa wa mjini.

"Mura," akamwambia, "sasa izime ile taa."